Waacheni watoto wachore nazi na kikombe

Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi nimjibu mzazi wa Malindi aliyeandika katika ukurasa huu akilalamika kwamba mwanawe wa sekondari msingi ameagizwa na mwalimu wa sanaa apeleke shuleni nusu ya nazi, kikombe na ndimu, avipange juu ya meza, kisha avichore kwa rangi za maji. Mzazi aliona nazi imeharibiwa bure. Akasema vitu vilivyokaa tu mezani havina hadithi, kwamba kuvichora ni kunakili tu, kwamba simu ingevipiga picha kabla mtoto hajalowesha brashi, na kwamba rangi za maji ni za chekechea, mchoraji aliyekomaa hutumia za mafuta. Akamalizia kwa kushauri watoto wa Pwani wafunzwe kuchora majahazi, kwa kuwa hizo ndizo picha zinazonunuliwa.

Majahazi nitayafikia. Nazi ndiyo iliyonikalisha kuandika, maana nimeichora miaka mingi na ziko siku bado hunishinda.

Mimi ni mwanamke wa Mkomani, hapa Lamu. Usichana wangu uliishia kwenye kushona kofia za vito, na macho yalipoanza kukataa tundu la sindano nikahamia kwenye brashi, ambayo ina huruma zaidi. Nachora asubuhi, nikishabandika maharagwe, nimekaa kwenye kiwanda cha nyumba, ule ua wa katikati usio na paa. Nachora kilicho karibu: dele la kahawa na vifinjani vyake, chetezo, mrashi, kifumbu, upawa, embe ngowe zikiwa msimu, karai la plastiki, thamosi ya chai yenye maua mekundu. Kuna wanaodhani navililia vya kale. Silii. Thamosi naishika kila siku kuliko mrashi, na mfuniko wake wa plastiki una kivuli kizuri sana cha zambarau.

Niseme kwanza juu ya mwanga, kwa sababu hapo ndipo vitabu vinapotupoteza. Vitabu vya uchoraji vya Ulaya humwambia mwanafunzi aweke meza yake karibu na dirisha la kaskazini. Kwao jua la mchana halipiti upande huo, basi mwanga unaoingia ni mtulivu na kivuli cha kikombe hakihangaiki. Ufuate ushauri huo Lamu, utajuta. Sisi tuko digrii 2 na kitu kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri hupita kaskazini yetu, miezi iliyobaki hupita kusini, na zile siku za kuhama husimama utosini, kikombe kikakosa kivuli cha kutajika.

Dawa imo ndani ya nyumba zetu za mawe. Mwanga huanguka kiwandani kutoka juu, hupita msana mmoja, kile chumba kirefu chembamba, na wa pili, na hadi kufika kule ndani, kwenye ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, umeshapoa na unatoka upande mmoja tu. Waliozijenga nyumba hizo hawakuwa wakiwawaza wachoraji. Walitaka ubaridi na stara. Lakini nikiweka nazi kwenye kidaka saa tatu asubuhi, kivuli chake hunivumilia hadi karibu na adhuhuri. Asiye na nyumba ya mawe hajakosa kitu: afungue mlango mmoja, dirisha la pili alizibe kwa leso. Mwanga ukitoka pande mbili, kila kitu huwa na vivuli viwili vinavyogombana, na mtoto hajui afuate kipi.

Na hizo zidaka zenyewe. Msomaji anayezijua ataniunga mkono kwamba aliyepanga bakuli ndani yake alikuwa amekwisha fanya nusu ya kazi ya mchoraji. Kila kidaka kina kingo zake za chokaa iliyochongwa, kina kiza chake nyuma, na kina kitu kimoja au viwili, basi. Bakuli za Kichina za buluu na nyeupe zilizokuwa zikikaa humo, na zile zilizopachikwa kwenye nguzo za makaburi ya kale kama la Mambrui, kaskazini kidogo ya kwake huyo mzazi, zilitoka katika biashara ya bahari ambayo karne ya 17 ilizifikisha nyingine kama hizo Uholanzi. Wachoraji wa huko walipoziona hawakuzipa mgongo wakatafuta mashua. Willem Kalf, aliyeishi kati ya mwaka 1619 na 1693, alipata jina lake kwa kuchora bakuli la Kichina, bilauri, na ndimu iliyomenywa nusu ganda likining'inia ukingoni mwa meza. Yeye alitumia rangi za mafuta, nakubali. Lakini bakuli, ndimu na kitambaa, ni kipi kati ya hivyo ambacho hakimo katika nyumba ya Malindi?

Kuna jambo mzazi hakuligusa, nami naligusa kwa sababu miji yetu hii ni ya dini. Wako wazazi wasiopenda mtoto achore mtu au mnyama, na nina ndugu zangu miongoni mwao. Katika vitabu vya hadithi za Mtume, Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, imo riwaya ya mtu aliyemwendea sahaba Ibn Abbas akamweleza kwamba riziki yake ni kutengeneza picha. Ibn Abbas alimwonya, kisha akamwelekeza kwamba ikiwa hana budi, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Sitoi fatwa, wenye elimu wapo. Nasema tu kwamba mwalimu aliyechagua nazi, kikombe na ndimu alichagua vitu ambavyo mtoto wa nyumba yoyote ya hapa anaweza kuvichora bila kurudi nyumbani kwa ugomvi. (Samaki je? Changu aliyekwisha kufa ana roho au hana? Ami yangu na jirani yake walibishana juu ya hilo barazani mpaka kahawa ikaisha. Mimi samaki namla, simchori.)

Sasa nije kwenye rangi za maji, zinazoitwa za chekechea.

Rangi ya maji ni unga laini wa rangi ulioshikwa kwa gundi ya mgunga, ile ile gundi inayokusanywa Sudan na katika kaunti kavu za kaskazini mwa Kenya. Ukiigusa kwa brashi yenye maji gundi inalainika, unga unaelea, unaketi juu ya karatasi, maji yanaondoka. Hakuna zaidi ya hapo. Ugumu wake ni kwamba rangi hiyo ni angavu, mwanga hupenya mpaka kwenye karatasi na kurudi. Ulichokiweka mwanzo kitaonekana hadi mwisho. Mwenye rangi za mafuta akikosea mdomo wa kikombe huufunika kesho yake kwa tabaka zito. Mwenye rangi za maji akikosea anaweza kunyonya kidogo kwa brashi kavu, lakini karatasi itakumbuka. Kwa hiyo mzazi amegeuza mambo juu chini: watoto hupewa rangi hizi kwa sababu zinasafishika mezani na hazinuki, wala si kwa sababu ni rahisi. Mjerumani Albrecht Dürer alichora kipande cha majani ya porini kwa rangi za maji mwaka 1503, jani moja moja, na picha hiyo ingali inahifadhiwa Vienna. Cézanne, Mfaransa aliyefariki mwaka 1906, alikuwa mzee aliyekwisha bobea katika rangi za mafuta alipokuwa akichora matofaa na mitungi kwa rangi za maji, sehemu kubwa ya karatasi akiiacha tupu. Na kama tunapima ukomavu kwa aina ya rangi, basi tumuulize Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam, aliyechora kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao laini za viwandani, na kabla hajafa mwaka 1972 alikuwa ameanzisha mtindo unaoitwa kwa jina lake mpaka leo.

Katika rangi za maji hakuna weupe. Iko rangi nyeupe ya kuuzwa, ndiyo, ila ukiipaka huwa nzito na hufifia mbele ya weupe wa karatasi yenyewe. Weupe ni karatasi ambayo hukuigusa. Ndiyo maana nazi ni mtihani. Nusu ya nazi ndani ya kidaka cha chokaa ni kitu cheupe mbele ya kitu cheupe, na huna rangi ya kukichorea. Utachora nini? Utachora kila kitu kisicho nazi. Kivuli chini yake, kiza cha kidaka nyuma yake, kifuu upande wa nje, na ule utando mwembamba wa kahawia kati ya kifuu na nyama, ambao watoto wengi hawauoni kabisa mpaka uwaambie watazame tena. Utando huo si mstari. Upande wa mwanga ni mwembamba na mwekundu kidogo, upande wa kivuli hupanuka na kuzama ndani ya kifuu mpaka usijue kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Nikiupaka kwa unene mmoja kuizunguka nazi yote, nazi inakuwa kisahani.

Kisha ule uvungu wa ndani. Upande ulio karibu na mwanga, ukingo wa nazi unatupa kivuli ndani yake, na mwanzo wa kivuli hicho ni mkali. Kikiteremka kwenda upande wa pili kinayeyuka polepole hadi kupotea katika weupe. Hapo huwezi kusitasita. Napaka rangi kwenye ukingo mkali, nasuuza brashi, naikamua, na kwa brashi yenye maji tu naivuta rangi kuelekea kwenye mwanga ikiwa bado inang'aa. Nikichelewa mng'aro ukaondoka, nikaongeza maji, maji yatasukuma rangi nyuma na kuacha doa lenye kingo za maua. Jioni ya masika karatasi hukaa mbichi mpaka maharagwe yakaiva. Siku ya kaskazi, mwezi wa kwanza, hukauka brashi ikiwa njiani. Wanafunzi wangu nawafunza kuigusa karatasi kwa nyuma ya vidole: ikiwa baridi, ndani bado ina maji hata kama juu inaonekana kavu.

Na rangi ya kivuli hicho ni ipi? Watoto wote huchukua nyeusi, wakaichuja kwa maji. Nazi inakuwa na uchafu. Mimi huchukua buluu ya ultramarini na kuitilia chembe ya udongo mwekundu uliochomwa, buluu ikizidi. Hapa naomba wasomaji wa umri wangu wakumbuke nyumbani. Maji ya mwisho ya kufulia kanzu za Ijumaa yalikuwa yakitiwa buluu, na kanzu ikitoka imetakata. Buluu hiyo na ultramarini ni kitu kimoja. Zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la Badakhshan, Afghanistan, kwa gharama kubwa mno. Katika miaka ya 1820 Wafaransa walijua kuitengeneza viwandani, ikawa ya kila nyumba. Kitambaa cheupe kikichakaa huelekea umanjano, buluu kidogo inauzima umanjano ule, jicho linaona weupe. Kivuli cha nazi ni vivyo hivyo. Ukitia buluu kwenye uvungu, ile sehemu ya karatasi ambayo hukuigusa inang'aa kuliko ilivyokuwa kabla. Mfua nguo yeyote wa Lamu alilijua hilo. Hakuambiwa tu kwamba ni elimu ya uchoraji.

Maji nayo yana maneno yake. Mji wetu unakunywa maji yanayotoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na visima vingi vya mjini vina chumvi. Chumvi na rangi za maji havipatani: huvuta rangi ikakusanyika vidoa vidoa, na hufanya karatasi iwe na unyevu usiokwisha. Nachorea maji ya mvua ya jabia (birika la mawe la kuwekea maji), niliyoyahifadhi kwenye chupa. Malindi wana mfereji wao, sijui hali yake, lakini mtoto akiona kivuli chake kimetoka na chenga asijilaumu kabla hajayaonja maji.

Dele ni habari nyingine, na ningeweza kuandika barua ya pili juu yake tu. Shaba haina rangi yake; ina rangi za majirani zake. Ukiweka ndimu kando ya dele utaikuta ndimu imekaa tumboni mwa dele, imenyooka na kuwa ndefu, kijani kikiwa kimechanganyika na dhahabu. Kitambaa cheupe kinaonekana chini. Mbingu ya kiwandani imo begani, kitone kimoja cheupe ambacho usipokiacha tangu mwanzo hakitapatikana tena. Na baina ya kitone hicho na weusi ulio kando yake hakuna daraja, vinagusana papo kwa papo. Hapo ndipo jicho linapoamini kwamba ni chuma na si udongo. Chetezo cha udongo, kinyume chake, kinatoka mwangani kwenda kizani kwa utaratibu bila kuruka. Nikitaka kumfunza mtoto tofauti ya vitu namwekea hivyo viwili pamoja, simwambii lolote, namwacha. Ndani ya dele pia nimo mimi, mdogo, na leso yangu kichwani. Kwa kuwa nina roho, hujiacha nje.

Mzazi anasema simu ingemaliza kazi hiyo. Ingemaliza kitu kingine. Simu ikielekezwa kwenye kidaka huchagua yenyewe: ama nazi iunguzwe na weupe na utando wake upotee, ama nyuma pawe giza totoro. Mimi naona vyote viwili kwa sababu jicho langu linatembea. Lakini hata simu iwe bora namna gani, jambo la kumuuliza mtoto ni dogo tu: kivuli cha kikombe kilikuwa upande gani? Aliyepiga picha atafungua simu atazame. Aliyechora atajibu.

Tuchukue kikombe, ambacho mzazi anadhani hakina la kufundisha. Mpe mtoto kikombe akichore, atachora mdomo wa duara kamili, kwa sababu anajua ni duara, halafu kitako atakichora mstari wa kunyooka, kwa sababu anajua kikombe kinakaa mezani. Vyote viwili anavijua na vyote viwili si alivyoviona. Akikaa akatazama ataona mdomo umebanwa, na duara la kitako limefumbuka zaidi kuliko la mdomo, kwa kuwa liko chini zaidi ya jicho lake. Ni jambo la kuonwa dakika moja, ila wako watu wazima waliofika uzeeni hawajaliona. Nimewahi kumwonyesha seremala mmoja; alikwenda akageuza kinu chake huku na huko hadi nikamwacha.

Kupanga vitu ni kazi kabla ya kazi. Mtoto huvipanga safu moja, vimeachana sawasawa, duka la Mhindi. Mimi huondoa kuliko ninavyoongeza. Kifinjani kikitangulia mbele ya dele na kulifunika kidogo, tayari kuna mbele na nyuma. Kingo mbili zisigusane kwa ncha, ndimu ikiishia pale pale kikombe kinapoanzia, maana jicho litanasa hapo lisitoke. Ama vipishane ama viachane. Na kitu kinachooza kichorwe kwanza, isipokuwa nazi, ambayo huivunja mwisho kabisa, mengine yote yakiwa yameshachorwa kwa penseli, kwa sababu nyama yake ikikauka hupoteza ule mng'aro wa maji. Embe nayo hubadilika rangi ukiitazama. Picha yangu moja ya embe ngowe ina bega la kijani la Jumatatu na tumbo la manjano la Jumatano, na walioinunua hawajalalamika.

Sasa majahazi. Sina chuki na jahazi, na ziko picha za majahazi ninazozionea wivu. Lakini mwenye duka moja la picha hapa mjini aliwahi kunirudishia picha ya thamosi akaniambia: mama, tuletee jahazi, punda, au mlango wa nakshi, mgeni gani atanunua thamosi? Nilitazama kuta za duka lake. Majahazi yalijaa toka sakafuni hadi darini, na katika mengi yake tanga limejaa upepo wa kusi, unaotoka kusini, huku bendera ya tezini, nyuma ya chombo, inapepea kuelekea huko huko kusini. Foromali, ule mti unaobeba tanga, imening'inia bila kamba ya kuishika. Chombo namna hiyo hakifiki hata Manda, ng'ambo ya maji. Aliyechora alimwiga aliyemtangulia, na huyo alimwiga mwingine, na hakuna aliyekwenda gatini akatazama. Mzazi wa Malindi anasema kuchora kikombe ni kunakili. Kunakili ndiko huko.

Kwa hiyo nikipewa mtoto wa miaka 12 simwanzishi na jahazi, ambalo halitulii, lina kamba asizozijua majina, na kila mtu ameshamwonyesha jinsi linavyotakiwa lionekane. Nampa kikombe ambacho hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha kinavyotakiwa kuonekana. Akitoka hapo aende gatini, na nina hakika bendera yake itafuata upepo.

Thamosi ile, kwa taarifa ya mwenye duka, ilinunuliwa na mama mmoja wa Langoni. Nilimuuliza mbona hakutaka jahazi. Akasema jahazi mumewe analo, na lamtia hasara.

Juu ya gharama nitakuwa mfupi. Karatasi nzuri ya pamba, ile ya gramu 300 kwa mita ya mraba isiyokunjamana ikilowa, hutoka nje na bei yake inauma. Mtoto hahitaji hiyo kila siku. Akate vipande vidogo vya ukubwa wa kiganja, avibandike juu ya ubao kwa utepe pande zote nne. Rangi tatu zinatosha: manjano, nyekundu, na hiyo ultramarini, pamoja na udongo uliochomwa ukipatikana. Nyeusi aiache dukani. Brashi moja ya mviringo yenye ncha nzuri ni bora kuliko kumi zilizopukutika nywele. Ajue pia kwamba rangi ikikauka hupauka, basi aipake ikiwa imekolea kuliko anavyotaka, na apime kwanza kwenye kipande kando. Kwa watu wazima wanaonunua: picha ya rangi za maji isitundikwe jua linapopiga, kwa sababu baadhi ya nyekundu, hasa ile iitwayo alizarini, hufifia, na kioo kisigusane na karatasi, ukungu wa huku hautaki mwaliko.

Ama ile nazi iliyoharibiwa, mzazi ajue kwamba nazi yangu ikishachorwa hupanda mbuzi siku ile ile, ikakunwa, ikachujwa kwa kifumbu, tui likaishia kwenye samaki wa kupaka. Sijawahi kutupa kitu nilichokichora. Hata ndimu ina kazi mchana.

Ombi langu kwa mwalimu, ambaye simjui, ni kwamba asirudi nyuma kwa sababu ya barua ile, ila somo alihamishe asubuhi. Nazi iliyovunjwa saa mbili itakuwa imechacha saa nane kwa joto la Malindi. Meza aiweke mlangoni, madirisha ya upande wa pili ayafunge, na watoto wakae upande mmoja wa meza wote, ili kivuli wanachobishania kiwe kimoja.

Mchoraji wa Mkomani,
Lamu